Wimbo wa Saba, Upande wa Pili

Tarehe 3 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kuuliza kama nimekula, basi nimekula. Kimya naye amekula, na ukoko amekwangua mwenyewe, kwa hiyo usimwonee huruma.

Humu ndani ya bahasha kuna kaseti. Usiitupe ukadhani ni takataka. Ni albamu yetu, ya kwanza. Unakumbuka nilikuambia tuna bendi, ukauliza bendi gani hiyo isiyoitwa hata kwenye harusi moja? Ndiyo hiyo. Inaitwa Kutu, na albamu tumeiita Vumbi Jeupe. Wapenzi wa muziki huu bado wanapenda kaseti, sijui kwa nini. Hii ni ya majaribio, iko moja tu, nikasema ije kwako maana redio ya Babu ina pa kuitia.

Nikutahadharishe. Muziki wenyewe unaitwa metali ya kifo. Usiogope, hakuna anayekufa. Magitaa yananguruma, ngoma inakimbia, na mimi naimba kwa sauti ya kooni kama mnyama. Lakini aina yetu ina melodi. Juu ya ule mngurumo gitaa la Kimya linaimba, na mara nyingine langu linaungana nalo, yanakwenda sambamba kama watu wawili wanaotembea wakizungumza. Ukisikiliza mngurumo peke yake utatukimbia. Sikiliza kilicho juu yake.

Sasa shida. Nyimbo ni nane, nne kila upande. Mwenye studio anasema albamu ni ndefu, mmoja utoke kabla hajatoa nakala za kuuza. Tumebishana mpaka asubuhi hatusalimiani. Wawili wanataka wa nne utoke, wawili wanataka wa saba. Wa nne ndio wa mwisho upande wa kwanza. Wa saba ni wa tatu upande wa pili. Kimya ndiye aliyesema tukuulize wewe, kwa sababu hujawahi kumsifia mtu uongo, hata bibi harusi. Tumekubali wote wanne: utakalosema ndilo. Sitakuambia nani katunga upi, na majina ya nyimbo nimeyaondoa kwenye kaseti. Kimya ameomba iwe hivyo.

Usione haya, Bibi. Sema.

Mumeo mkubwa

Bibi, ukipika usisimame sana, vuta kigoda. Mimi mumeo mdogo, Kimya.


Tarehe 16 Februari

Kwa waume zangu wawili,

Marahaba. Herufi zangu mnazijua, nilijifunzia kwenye magunia ya unga pale mashineni, kwa hiyo zote ni kubwa na zote zinapiga kelele. Anayeshindwa kuzisoma amwombe mwenzake.

Kaseti imefika. Kwanza hilo jalada. Jina la bendi limeandikwa kama mzigo wa kuni ulioanguka njiani. Nimeligeuza juu chini, nikamwita jirani, naye akaligeuza. Mngekuwa mnauza sabuni kwa maandishi hayo mngekufa njaa. Na hilo fuvu ni la nani? Kama mlikosa picha, mngeweka sura zenu. Si mbaya kiasi hicho.

Nimeitoa redio ya marehemu kabatini nikaipangusa. Tangu atutoke sijaitia kaseti, huwa nasikiliza taarifa ya habari basi. Nikakaa. Nikafukuza kuku. Nikasikiliza upande wa kwanza, nikanywa chai, nikasikiliza wa pili. Kesho yake nikarudia. Kama nilisinzia, sikukusudia.

Haya, nasema.

Wa kwanza mzuri. Unaingia kama mtu aliyebeba kabati na hataki kusaidiwa. Wa pili pia nimeupenda, ila wewe mume mkubwa, sauti yako imenitia hofu. Umesema mnyama, nikajiandaa kwa mnyama. Lakini hilo ni dume la ng'ombe lililokwama kwenye tope na limeshakata tamaa. Kunywa maji ya uvuguvugu, achana na ya barafu. Maneno sikushika hata moja.

Na mpiga ngoma wenu ana nini? Anagonga kama mtu anayesubiri wageni waondoke. Umesema ngoma inakimbia. Mume wangu, hiyo haikimbii, hiyo inatembelea magongo. Mpeni chakula huyo kijana. Kama anaumwa apumzike, msimtumikishe.

Wa tatu sina neno. Wa nne ni mzito lakini unajua unakokwenda, na ukifika mwisho unafunga mlango nyuma yake. Ubaki.

Upande wa pili unachosha. Wa tano na wa sita ni mtu na pacha wake. Sasa wa saba. Huo nimeusikiliza kuliko zote kwa sababu mmeniuliza. Jamani. Ni kitanda cha chuma kinachoburutwa sakafuni na mtu anayelia. Lile gitaa la juu linayumba, linapanda halijui linapanda wapi, linashuka kabla halijafika. Aliyeutunga alikuwa na kitu moyoni, hilo sikatai, lakini hakukitoa. Amekizungusha mdomoni kama mtoto asiyetaka kumeza dawa. Utoeni. Hakuna atakayepungukiwa.

Wa nane mzuri wa kuagia wageni.

Nimesema kweli kwa sababu mmetaka kweli. Kama ningewapenda kidogo ningesema zote tamu. Mimi nawapenda mpaka nakasirika. Kwa jumla kazi yenu ni kazi ya watu wazima, na nimemwambia jirani mimi ndiye niliyewalea wote wawili, asije akadhani mlijiotea kama magugu.

Aliyetunga wa saba asinune. Aje nimpikie.

Bibi yenu


Tarehe 1 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua yako tumeisoma wote pamoja studio. Niliisoma mimi, kwa sauti. Watu wamecheka mpaka mwenye studio akaja kuchungulia kuna nini. Pale pa kuni zilizoanguka yule wa gitaa la besi alikaa chini. Mpiga ngoma anasema tangu azaliwe hajaambiwa anatembelea magongo. Kila anayetusikia hulalamika kwamba anakimbia kama anafukuzwa na mbwa. Tumesema ni utani wako.

Basi tumefanya ulivyosema. Wa saba tumeutoa, wa nne umebaki. Nakala zinatolewa mwezi ujao.

Koo langu ni zima. Nakunywa maji ya uvuguvugu.

Kazi ni nyingi, leo nakomea hapa.

Mumeo mkubwa


Tarehe 20 Machi

Mume mkubwa,

Marahaba. Barua yako ni fupi kama mkia wa sungura, na chini yake pamebaki peupe.

Tangu mlipohama sijapata barua isiyo na mstari wa Kimya. Bibi vuta kigoda. Bibi funga dirisha. Bibi ile dawa umemeza au umeificha? Safari hii nimeigeuza karatasi, nimechungulia mpaka ndani ya bahasha. Hamna.

Yuko wapi? Anaumwa? Mmegombana?

Wewe unamjua. Ukiumia wewe, mtaa mzima tunajua, mpaka wa barabara ya pili wanakuja na pole. Yeye aliwahi kubana kidole kwenye mlango wa ghala akala chakula chote kwa mkono mwingine, mimi nikamgombeza nikidhani ni utundu. Kidole nilikiona kesho yake wakati wa kuoga. Siku hiyo ndiyo nilimpa hilo jina. Kwa hiyo ukimwona ametulia na anasema sawa, sawa, ndipo uogope.

Nijibu upesi. Na usiniandikie habari za koo.

Bibi yako


Tarehe 2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Albamu imetoka. Watu wameipokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Kuna gazeti moja la muziki limeandika kwamba kwa bendi changa tumekomaa mapema, kwamba ngoma ni kali na magitaa mawili yanajibizana vizuri, ila wakasema kuelekea mwisho kuna pengo, kama chumba kilichohamishwa vitu. Wanaandika tu, hawa. Tumealikwa kupiga sehemu tatu.

Kimya hayupo tena kwenye bendi. Aliondoka wiki ile nakala zilipotolewa. Hatukugombana. Alikuja, akakunja nyaya zake, akafagia pale alipokuwa anasimama, akasema sawa. Sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha vigae, safari ya nusu siku kutoka hapa. Sijui kilichomsibu. Anwani yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kwa kuwa najua utaidai.

Nafasi yake tumempata mtu mwingine. Ni fundi. Anapiga kila kitu sawasawa.

Mumeo mkubwa


Tarehe 25 Mei

Mume mkubwa,

Marahaba. Kaa kitako ndipo usome.

Barua yako ilinikalia vibaya. Nikasema nimsikilize marehemu kidogo, pengine nitapata usingizi wa mchana. Ipo ile kaseti aliyojirekodi siku redio ilipokuwa mpya, ananigombeza kwamba nimezidisha chumvi, na mimi namjibu. Unajua babu yako alivyokuwa, sauti nyembamba, maneno yanakanyagana kama watu wanaogombea mlango. Nikaitia. Akazungumza mtu mwingine. Mlevi. Sauti nzito, neno moja linachukua safari nzima kutoka mdomoni. Na mimi mwenyewe humo ndani nikajibu kama mwanamume. Nikaikodolea macho redio. Nimeishi na yule mzee mpaka namjua kwa kikohozi. Huyu siye.

Nikaibeba redio mpaka kwa fundi. Akaifungua kifuniko, akacheka. Ndani kuna kamkanda ka mpira, kembamba kama uzi wa viatu, ndiko kanakozungusha kaseti. Kamelegea. Akaniambia, "Mama, hii ilikuwa inatembea kwa magoti." Akaweka kapya.

Babu yako akarudi, akanigombeza juu ya chumvi. Nikafurahi, nikalia kidogo, nikaacha. Ndipo nikawatia nyinyi.

Niombee radhi kwa yule wa ngoma. Kweli anafukuzwa na mbwa. Na wewe si ng'ombe. Ni wewe, umekasirika, sauti ileile uliyokuwa nayo ulipokuwa unanyang'anywa mpira, na chini ya hasira kuna mtoto anayetaka kuitwa ndani. Maneno mengine sasa nimeyashika. Wimbo wa kwanza ambao niliuona kabati, kumbe ni watu wanatoroka nyumba inayoungua. Kila nilichokuandikia mwezi wa pili, futa.

Kisha wa saba.

Nilikuwa nimesimama. Ulipoanza niliweka kikombe chini. Ngoma ile ni mashine yetu ya unga. Si kama mashine, ni mashine, na lile gitaa zito ndilo gurudumu lake lililokuwa likitetemesha ukuta. Na juu yake kile kitu changu. Sijui nikiiteje, hakina maneno, hakina jina, nilikuwa nakivumisha puani ninapomimina mahindi ili nisisikie mgongo unavyouma. Sikujua kwamba kuna mtu anasikia. Ilivyokuwa inanguruma ile mashine, mimi mwenyewe sikujisikia.

Nikakaa sakafuni.

Watoto mliokuwa mkija pale mashineni mlikuwa wawili. Wewe hukulala hata siku moja, ulikuwa unakimbia nje na ndani na kupiga chafya. Aliyelala juu ya magunia, kichwa karibu na miguu yangu, ni mmoja. Kwa hiyo usinifiche nani alitunga wa saba. Na wa nne ni wako. Huo unaofunga mlango nyuma yake.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nina kosa langu. Mkanda wa mashine ukilegea nilikuwa najua kwa nyayo kabla ya mwenye mashine kujua kwa masikio. Leo kamkanda ka mpira kamenidanganya, nami nikajikalia na chai nikahukumu watoto wa watu. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe. Niliandika ngoma inatembelea magongo. Niliandika sauti yako ni ng'ombe kwenye tope. Wewe, mwenye sikio la kazi hiyo, hukujiuliza redio ya kizee ina nini? Ukasema utani. Lini nimewahi kukutania juu ya kazi ya mtu?

Ulijua. Ukaona jibu limekuangukia upande wako, ukaliokota.

Nijibu kwa kalamu yako mwenyewe.

Bibi yako


Tarehe 26 Mei

Kimya, mume wangu mdogo,

Sikuulizi kama umekula. Najua unakula ukikumbushwa, na huko hakuna wa kukukumbusha, basi nakukumbusha. Kula. Vuta kigoda ukae.

Nimeusikia wimbo wako. Nimeusikia sasa, si ule mwezi wa pili. Mwezi wa pili redio ilikuwa mbovu, inaburuta, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani mnaoburuta ni nyinyi. Sitakuandikia kwamba si kosa langu. Mwenye redio ni mimi, mwenye mdomo ni mimi. Nilisema kitanda cha chuma. Nikasema mtoto asiyetaka kumeza dawa. Na wewe ulikuwa umekaa pale ukisomewa.

Kumbe ulikuwa umenirudishia kitu changu, kimeoshwa, kimevalishwa nguo, nami nikakifukuza mlangoni.

Leo nimeusikiliza mpaka betri zimechoka, nikanunua nyingine. Mashine umeipata. Hata pale inapokohoa gunzi likiingia, umeipata. Mama yako alikuwa akishona midomo ya magunia pale kona, sindano yake inagonga meza kila mshono, na hiyo nayo nimeisikia, kitu kidogo kinagonga nyuma kabisa. Sijui ulikumbukaje. Alipotutoka ulikuwa hujui hata kufunga kamba za viatu.

Kitu kimoja tu sikukifahamu, na siwezi kukuongopea hata leo. Mwisho. Pale melodi inapopanda, inakaa juu kidogo, halafu inateremka polepole kama mtu anayeweka mtoto kitandani asimwamshe. Hiyo siyo yangu. Sijui imetoka wapi. Ni nzuri mpaka inaniudhi.

Sikuombi urudi bendi. Bendi yenu siijui, mimi nawajua nyinyi. Nakuomba uniandikie. Hata kama ni mstari mmoja wa kunigombeza.

Bibi yako


Tarehe 6 Juni

Bibi,

Ndiyo. Nilijua.

Si siku ile ile. Siku ile nilicheka kama wengine. Nilijua usiku wake, nikasema kesho nitakuandikia utafute fundi. Kesho yake mwenye studio akauliza tumeamua nini, nami nikasema Bibi ameamua. Kimya alikuwa anakaza nyuzi.

Wa nne ni wangu kweli. Nikiuimba sasa jukwaani watu wanauitikia, na mimi nafikiria jinsi alivyofagia.

Wa saba ulikuwa unaitwa Magunia. Siku aliyoondoka alimwomba mwenye studio ampe rekodi yake, akapewa, akaifuta palepale. Gitaa ameuza. Hakuna nakala nyingine isipokuwa hiyo kaseti yako ya majaribio. Bibi, nakuomba uitume. Tuurudishe kwenye toleo la pili, na jina lake liandikwe. Nimemwandikia mara mbili, hajanijibu.



Mjukuu wako


Tarehe 30 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimekula.

Kazi ya huku ni kupanga vigae kwenye toroli kabla havijaingia tanuruni. Vikitoka vina joto, tunavaa glavu. Mashine ziko nyingi na zinanguruma mchana kutwa. Nimezoea haraka kuliko wenzangu. Wanauliza kwa nini, nawaambia nililelewa hivyo.

Sina hasira na wewe. Barua yako iliposomwa watu walicheka pale pa kitanda, na mimi nilicheka, kwa kuwa uliandika vizuri. Kosa ni langu. Nilitaka uusikie usijue ni wangu, halafu uutambue mwenyewe. Nilikaa wiki mbili nikifikiria utakavyosema. Nilishajiandikia jibu lako kichwani, neno kwa neno, na lilipofika lingine sikuwa na pa kuliweka. Ningekuandikia tu, Bibi, huu ni ule wako, ungeusikia hata redio ingekuwa chini ya maji.

Barua za mwenzangu ninazo. Nazisoma. Bado sijajua nimjibu nini, kwa hiyo usimgombeze sana. Wa nne ni wimbo mzuri. Mwambie nimesema.

Gitaa sina kwa sasa. Vidole vyenyewe vimekuwa vigumu kwa joto.

Kuhusu mwisho. Nimeisoma barua yako mara nyingi pale ulipouliza umetoka wapi. Bibi, mimi mwisho wako siujui. Kila siku nilikuwa nalala kabla hujafika. Nilikuwa najitahidi nisilale, nabana kucha, nasema leo nitausikia wote, halafu naamka mashine imezimwa na wewe unakung'uta vumbi kichwani mwangu. Nilipokuwa natunga nilifika pale ninapolalia kila siku, nikakwama miezi. Ikabidi nibuni. Ndiyo maana nilikuwa na hofu utasema nimeuharibu.

Nakuomba uniambie unaishaje. Siyo kwa ajili ya bendi. Nataka kujua tu.

Na kile kigoda kina msumari umechomoza upande wa kulia, angalia nguo.

Mumeo mdogo,
Kimya


Tarehe 12 Julai

Kimya wangu,

Marahaba. Msumari umepigwa. Nguo ilikuwa imeshachanika, lakini tuseme umewahi.

Kaseti ipo mezani kwangu, nimeifunika kitambaa. Mwenzako ameiomba, nikamwandikia kwamba mwenye wimbo ndiye anayeutoa, na mwenye wimbo yuko kwenye vigae, amfuate kwa miguu yake aache kutuma karatasi. Akija, mfungulie mlango. Kumpa au kumnyima ni juu yako. Nimemgombeza vya kutosha, na nitaendelea kidogo, halafu nitaacha. Naye ni wangu, nitamtupa wapi.

Sasa unaniuliza unaishaje.

Mume wangu, hauishi. Haukuwa na mwisho hata siku moja. Nilikuwa navumisha huku nakutazama. Ulikuwa unapigana na usingizi kweli, unakunja uso kama mzee anayehesabu, halafu mdomo unafunguka na ule mkono unaachia gunia. Nikiona mkono umeachia, nanyamaza, narudi kwenye mahindi. Ungekesha ningeendelea mpaka jioni. Wewe ulidhani unakosa mwisho, kumbe mwisho ulikuwa ni wewe kulala.

Kwa hiyo hujaharibu kitu. Hakuna aliyewahi kuumaliza kabla yako, hata mimi.

Ningekuambia haya mwezi wa pili. Ungekuwa na gitaa lako mkononi ungecheka, na yule mwingine angepiga kelele, na mimi ningejisifu kwa jirani. Hilo ndilo linaloniuma, si kitu kingine. Nimezeeka nikijua kusema upesi, sikujua kusikiliza mara ya pili.

Siku hizi nauvumisha nikipika. Nikifika pale ulipokuwa unalalia naendelea, napanda ulivyopanda wewe, nakaa juu kidogo, nateremka. Humu ndani hakuna tena wa kulala, basi kila siku nafika mwisho.

Kula.

Bibi yako